Nani Alikuwa Anamimina

Mkebe ulifika nyumbani kwangu, kijijini Keza, siku moja kabla ya wenyewe. Mjukuu wangu aliuleta kwa pikipiki kutoka Kabanga, ameukumbatia tumboni kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Aliposhuka hakunisalimia kwanza. Alitafuta kwanza kivuli cha kuuweka.

"Shikamoo Bibi. Nilikuwa naogopa chokoleti isije ikayeyuka."

"Marahaba. Mimi siyeyuki, ndiyo maana nimesubiri."

Akacheka, mimi sikucheka. Mkebe ulikuwa wa bati, mkubwa, na juu umeandikwa jina la ukoo wao kwa herufi za dhahabu, na utepe mwekundu umeuzunguka mara mbili. Ndani ni biskuti za kiwandani kwao. Kiwanda chenyewe ni cha familia, huko Uswisi. Babu alianza na chuma kimoja cha kuokea jikoni kwake, baba akaongeza mashine, na tangu baba afariki wanakiendesha mama na watoto wake. Wanatengeneza chokoleti, na wanatengeneza biskuti nyembamba kama karatasi, wanazipanga tabaka kwa tabaka, katikati krimu, juu wanazivika chokoleti. Mtoto wa kiume wa nyumba hiyo ndiye aliyekuwa anamtaka mjukuu wangu.

"Mama yake amesema zitangulie," mjukuu wangu akasema. "Kwao ndiyo heshima."

"Kwao," nikasema.

Kwetu zawadi haitangulii. Watu wakija kuomba binti wanakuja na pombe ya ndizi, mtungi unawekwa katikati, na hakuna wa upande wa binti anayegusa mrija kabla neno halijatoka. Ukionja umekubali. Akionja mkubwa wa nyumba, binti ametolewa, hakuna tena mjadala. Na kuna jambo la tatu, baya. Binti mwenyewe akionja kabla ya wazee wake, amejitoa. Atakwenda, hawezi kuzuiwa, lakini anakwenda bila watu nyuma yake. Akiteswa hakuna wa kwenda kuuliza. Akifukuzwa hakuna mlango wa kurudia. Mdogo wangu alifanya hivyo, kwa kiburi cha usichana, mbele ya baba yetu. Aliolewa ng'ambo ya mpaka, akaugua huko, akazikwa huko. Hatukwenda hata mmoja. Mimi sikwenda. Hilo nalibeba mpaka leo.

Kwa hiyo mkebe ule haukuwa mkebe wa biskuti tu. Aliyeliona hilo upesi ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Yeye alihamia Nyarubungo, kule Biharamulo, zamani, kwa ajili ya mashamba, na alikuwa amefika jioni ile kwa ajili ya shughuli. Akauzunguka mkebe.

"Ndiyo pombe yenyewe hii?"

"Ndiyo, Babu," mjukuu wangu akajibu.

"Inanywewaje?"

"Inatafunwa, Babu."

"Pombe ya kutafuna." Akanigeukia. "Shemeji, tumepata wakwe wasio na koo, wana meno tu."

Lakini alipomaliza utani akakaza uso. Akasema mkebe uwekwe juu ya kabati, chumbani kwangu, na utepe ukikatwa kabla yeye hajafungua mdomo, basi nyumba itakuwa imeshajibu.

Nilikuwa na jibu langu tayari. Jibu langu lilikuwa hapana.

Watu wangedhani ni kwa sababu ya rangi ya kijana au kwa sababu ya umbali. Kijana sikuwa na ubaya naye. Alikuwa mwalimu wa uokaji katika chuo cha ufundi kule Mwanza, ndipo walipokutana, na Kiswahili anakijua kuliko wajukuu wengine ninaowajua. Nilichoogopa ni kiwanda. Mjukuu wangu alikuwa amekwenda kwao miezi mitatu kujifunza kazi, akarudi mwembamba, anaongea habari za mashine na moto tu. Nikajiambia hawa hawatafuti mke. Wanatafuta mikono.

Mikono ninaijua. Mimi niliishia darasa la tatu, nikapelekwa kwa masista kuoka hostia, mkate wa misa. Hostia kabla ya kubarikiwa ni unga wa ngano na maji, basi, lakini kazi yake si mchezo. Wakati ule tulikuwa tunaoka kwa koleo la chuma lenye mikono mirefu na bamba mbili, lililoletwa na masista wa kwanza kutoka huko huko Uswisi. Mnakaa wawili. Mmoja anamimina rojo kwa upawa mdogo juu ya bamba la moto. Mwingine ndiye mwenye chuma, anafunga, anageuza, anafungua. Hakuna saa. Unasali Salamu Maria moja upande huu, moja upande ule, unafungua. Ukisali haraka ni mbichi, ukijivuta imeungua.

Anayemimina ni mtumishi. Mwenye chuma ndiye mkubwa. Hakuna aliyeliandika mahali, lakini kila aliyekaa kwenye moto ule analijua. Mimi nilimimina miaka kumi na moja. Sista mkubwa alikuwa mtu mwema, alinifundisha kusoma vizuri, alikuja kunizikia mama yangu. Ila chuma alikishika yeye, na chakula alikula kule ndani, mimi nikila mikato ya pembeni ya hostia nimekaa kwenye gogo la kuni. Nilikuja kushika chuma baada ya macho yake kuharibika. Miaka kumi na moja. Mjukuu wangu, ambaye mama yake alifariki angali wa kubebwa mgongoni, nilimlea kwenye moto ule ule, na yeye nilimpa chuma angali darasa la sita. Nilitaka asianze kwa kumimina.

Ndiyo maana nilisema hapana moyoni. Sikumlea aende kumimina rojo kwenye moto wa watu.

Asubuhi ya siku yenyewe shemeji alikwenda kwa jirani kuazima viti. Mjukuu wangu alikuwa nyuma ya nyumba anamenya ndizi. Nikaingia chumbani kuchukua kitenge changu kizuri, nikaona mkebe.

Sitasema nilipitiwa. Nilijua ninachofanya. Nilitaka kuona kazi yao kabla sijawakatalia, kwa sababu mimi mtu simjui kwa maneno, namjua kwa kitu alichotengeneza. Nikaushusha, nikakata utepe kwa wembe, nikafunua.

Harufu ilinipiga kwanza. Safu za chini zilikuwa zimepangwa kama matofali, zote sawa, zote zimevikwa chokoleti, hata ungepima kwa uzi usingepata tofauti. Hizo ni za mashine, nikazipita. Lakini juu kabisa, kwenye karatasi nyeupe, kulikuwa na safu moja ya aina nyingine. Hazikuwa na chokoleti. Zilikuwa za duara, nyembamba, zina alama ya maua ya bamba la chuma, na hazikulingana. Moja imeiva zaidi upande mmoja. Nyingine ukingo wake umekunjamana kidogo. Hizo zilipita mkononi mwa mtu.

Nikachukua moja, nikaisogeza karibu na sikio, nikaivunja. Ndivyo tulivyokuwa tunapima. Katika kila moto unavunja moja sikioni usikie mlio, kisha unaweka kipande kwenye ulimi. Kikinata, bado mbichi. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyokunywa chai maishani mwangu. Kwa hiyo niliposikia mlio, mkono uliendelea na kazi yake. Kipande kilikuwa kimeshalala kwenye ulimi ndipo nilipokumbuka niko wapi.

Hakikunata. Kilikuwa kimeiva sawasawa.

Nikakaa kitandani. Nikaona nimekwisha kumtoa mtoto. Mimi, niliyekuwa na hapana yangu tayari, ulimi wangu umekubali peke yake chumbani kama mwizi. Nikafikiri, hakuna aliyeniona. Halafu nikaangalia kile kilichobaki mkononi, nikaona ukingo wake umekwanguliwa kwa kisu kutoka nje kwenda ndani, kidogo kidogo, kuondoa rojo lililovuja. Watu wengi wanakwangua kwa kuzungusha. Kukwangua kuingia ndani nilimfundisha mtu mmoja tu.

Hizi zilikuwa kazi ya mjukuu wangu.

Hasira iliyonipata hapo sijui niieleze vipi. Hawajatuma hata salamu, walikuwa wameshamweka kwenye moto! Na wananiletea mimi mikono ya mtoto wangu mwenyewe imefungwa utepe. Nusu iliyobaki nikailaza kwenye karatasi, nikarudisha mkebe juu ya kabati, ncha za utepe nikazisokomeza chini yake, nikavaa kitenge.

Wageni walifika jua likiwa bado halijakaza. Kijana aliinama, "Shikamoo Bibi," nikaitika. Mama yake alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, akanipa mikono yote miwili, naona alikuwa ameelekezwa. Alikaa kwenye ncha ya kiti na hakuegemea. Mjukuu wangu alikuwa chumba cha pili nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa.

Shemeji akauliza nani mshenga wao. Kijana akasema hawana, atasema mwenyewe. Akauliza nani atamtafsiria mama. Kijana akasema ni yeye.

"Makubwa," shemeji akasema. "Huyu ndiye anayeoa, ndiye mshenga, ndiye mkalimani. Mkewe akijifungua atakuwa mkunga pia?"

Kijana akacheka, akamtafsiria mama yake, na mama naye akacheka, na kwa muda mfupi ilikuwa kama mambo yatakwenda vizuri. Kisha shemeji akasema, "Leteni hiyo pombe ya kutafuna tuione."

Nikauleta mwenyewe. Niliuweka mezani na nikashika utepe kwa kiganja, lakini shemeji alinitoa mkono. Utepe ukaanguka pande mbili. Akafunua. Kwenye safu ya juu pengo lilikuwa wazi kama jino lililong'olewa.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alifunika mkebe taratibu, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani ameonja?"

Kijana alitaka kusema kitu, shemeji akamwinulia mkono.

"Nauliza watu wa nyumba hii. Jana utepe ulikuwa mzima, niliuona mimi. Nyumbani tumelala watatu. Mimi sikuonja. Shemeji yangu huyu ndiye aliyepoteza ndugu kwa ajili ya jambo hili hili, hawezi kuonja. Amebaki nani?" Akageukia pazia. "Binti. Nakuuliza mara moja. Ni wewe?"

Nilikuwa nafikiri kwa haraka, na fikra zangu hazikuwa nzuri, naziandika kama zilivyokuwa. Nilifikiri, nikinyamaza, labda watu hawa watachukizwa waondoke. Nilifikiri, nitasema baadaye, tukiwa wenyewe. Nilikuwa bado nafikiri pazia lilipotikisika.

"Ni mimi, Babu."

Alisema hivyo. Hakutoka nje, alisema akiwa humo humo. Alikuwa ameuona mkono wangu kwenye utepe, au alinijua tu. Alijua maana yake. Hadithi ya mdogo wangu nilimsimulia mwenyewe, si mara moja, ili aogope.

Shemeji alivuta pumzi. "Basi," akasema. "Amejitoa." Akashika fimbo yake ainuke. Akishainuka msemaji imekwisha, hairudiwi. "Wageni, mchukueni mtu wenu. Hana watu hapa."

"Kaa chini," nikasema.

"Shemeji..."

"Kaa chini, nimesema. Huyo anadanganya. Nimekula mimi."

Alinigeukia. "Unajua maana ya hilo neno?"

"Naijua kuliko wewe. Nimekata utepe kwa wembe wangu wa kucha, uko pale chumbani, kauone. Nimevunja, nimeweka kwenye ulimi. Mtoto ametolewa na mimi bibi yake, ana watu, na watu wenyewe ni sisi. Andika hivyo kichwani mwako."

Alikaa. Fimbo aliiweka magotini. Nyuma ya pazia nilisikia mtu anapenga kamasi.

Lakini mimi nilikuwa sijamaliza. Kumtoa nilikuwa nimemtoa, hilo halikuwa na njia ya kurudi. Kilichobaki ni kujua nimempeleka wapi. Nikafungua mkebe, nikatoa moja ya zile za juu, nikaishika mbele ya uso wa yule mama.

"Mwambie mama yako," nikamwambia kijana, "hii imeokwa na mjukuu wangu. Nimeijua kwa ukingo."

Akatafsiri. Yule mama akakodoa macho, akaanza kusema maneno mengi, haraka haraka. Kijana akasema, "Anasema ni kweli. Anasema chuma hicho ni cha babu yangu, kile cha kwanza kabisa. Kinaning'inia ukutani ofisini. Hatukitumii, ni cha..."

"Sijauliza chuma ni cha nani. Muulize hivi, na usiongeze neno lako. Siku ile mjukuu wangu anaoka hizi, nani alikuwa anamimina?"

Nikaona usoni mwa kijana kwamba hajui kwa nini nauliza, na nikafurahi, kwa sababu asiyejua kwa nini anaulizwa hana pa kujitengenezea jibu. Akasema, "Bibi, nafikiri ni..."

"Sikukuuliza wewe."

Akamuuliza mama yake. Nami nilimtazama mama, sikumtazama yeye. Kama angesema ni mjukuu wangu aliyemimina na mwingine akashika chuma, ningefanya nini? Nilikuwa nimeshamtoa. Ningempeleka huku najua.

Yule mama hakumjibu mwanawe. Alinijibu mimi. Alijigusa kifuani kwa kidole, kisha akainama kwenye kiti chake, chini kabisa, kama mtu aliyekaa kwenye kigoda, akakunja kiganja kama anashika upawa, na akamimina. Alimimina kama inavyotakiwa, kuanzia katikati, mara moja, na kukata kwa kifundo cha mkono ili tone lisidondoke kwenye makaa. Kisha akaondoa mkono haraka, kama mtu anayejua chuma kinafungwa. Akatazama juu, kwenye pazia, akachezesha midomo bila sauti.

Kijana akasema, "Anasema, hakuelewa kwa nini mjukuu wako alikuwa anachezesha midomo akishika chuma. Alidhani anahesabu."

"Alikuwa anasali," nikasema. "Mwambie ni Salamu Maria. Moja kila upande."

Akamwambia. Yule mama akaitikia kwa kichwa pole pole, akasema kitu kifupi. Kijana akasema, "Anasema yeye mwenyewe aliolewa katika nyumba ile, akamimina miaka tisa kabla bibi yangu hajampa chuma. Anasema aliapa akipata mkwe hatamfanyia hivyo."

Yeye miaka tisa, mimi kumi na moja. Nikasogeza mkebe upande wake, nikamwonyesha achukue kwanza yeye. Hakuchukua zile nzuri za chini. Alichukua nusu ile niliyoivunja, iliyobaki kwenye karatasi, akala.

Shemeji alikohoa. "Sasa wakubwa wakishaonja," akasema, "msemaji naye anaruhusiwa, au kuna sheria nyingine imekatwa kwa wembe?"

Akala nne, zile zenye chokoleti, akasema hazileweshi lakini zina adabu. Mjukuu wangu aliitwa, akatoka macho mekundu, akapiga magoti mbele yangu. Nilimwambia, "Ukinidanganyia tena mbele ya watu nitakuchapa, hata ukiwa na mume." Akasema, "Ndiyo Bibi." Mkono wake nilikuwa nimeushika, sikuuachia mpaka wageni walipoitwa mezani.

Ameshakwenda. Ananipigia simu Jumapili baada ya misa, ananiambia moto wa huko ni wa umeme na baridi ni ya kukata masikio. Simwamini kila anachosema, maana watoto wanaficha, kwa hiyo nasikiliza sauti na si maneno. Shemeji anajua kwamba sauti hiyo ikibadilika, tutakwenda, hata kama tutauliza njia kwa vidole.

Lile koleo la masista ninalo mimi. Walipoanza kuletewa hostia za mashine hawakulihitaji tena, wakanipa. Liko darini, limefungwa gunia, limepakwa mafuta lisishike kutu. Siku ya kuondoka mjukuu wangu aliliomba, aende nalo likae ukutani na lile la kwao. Nilimkatalia. Nikamwambia mlango wa nyumba hii anaujua, na koleo haliendi popote. Akilitaka, aje alichukue mwenyewe.